Godoro la mpira linalalia nini? Mjadala wa vitanda Goma

Anayenunua godoro la mpira mjini Goma hupewa ushauri wa aina tatu kabla hajalifikisha nyumbani. Muuzaji humwambia aliweke juu ya kitanda chochote, halina shida. Seremala humwambia mpira ni laini mno, kwa hiyo apigiliwe tripleksi nzima chini yake bila kuacha nafasi. Jirani naye humwambia aachane na kitanda, atandike sakafuni, kwa kuwa mgongo unapenda mahali pagumu. Kila mmoja ana sababu zake na zote zina ukweli kiasi. Ila ushauri huo umetokana na miaka mingi ya kulalia sponji, na mpira una tabia nyingine.

Matokeo huonekana baada ya miezi michache. Godoro linabonyea katikati, mwenye kulilalia anaamka na kiuno kizito, na siku akiligeuza anakuta upande wa chini una madoa meusi ya ukungu. Lawama zote zinaliangukia godoro. Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba mara nyingi kosa liko chini ya godoro, na fedha kidogo ikiwekwa kwenye kitanda huleta nafuu kuliko fedha nyingi ikiwekwa kwenye unene wa godoro.

Mpira unavyotofautiana na sponji

Godoro la mpira hutengenezwa kwa utomvu wa mti unaopigwa hadi ukatoa povu, ukamiminwa kwenye kalibu na kuivishwa kwa joto. Njia hiyo ilianzia kwenye kampuni ya Dunlop nchini Uingereza mwaka 1929. Vitundu vingi vilivyopangwa kwa mistari ndani ya godoro vinaachwa na pini za kalibu, ambazo huingiza joto hadi katikati. Baadaye vitundu hivyo huwa njia ya hewa. Sponji ya kawaida hutokana na kemikali za mafuta ya petroli.

Njia rahisi ya kuzitambua bidhaa hizi mbili ni mizani. Godoro la sentimita 160 kwa 190 lenye unene wa sentimita 18, likiwa la sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, lina uzito wa kilo 14 hivi. La vipimo hivyohivyo, likiwa la mpira wa kilo 75 kwa mita ya ujazo, linafika kilo 41. Anayeambiwa kwamba godoro hili ni la mpira mtupu, kisha akalinyanyua peke yake na kulitia begani bila taabu, ana sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Uzito huo una maana kwa kitanda. Watu wawili wa kilo 70 kila mmoja wakilala juu ya godoro hilo, mbao za chini zinabeba kilo 180 usiku kucha. Na zaidi ya uzito kuna unyumbufu. Sponji ngumu hujishikilia yenyewe, ikikuta pengo kati ya mbao mbili inalivuka. Mpira hauna mifupa: hufuata umbo la kilicho chini yake, na penye pengo pana huzama polepole hadi ukazoea kuzama. Kwa hiyo kitanda cha mpira kina kazi mbili tu, na zote mbili ni za lazima. Kibaki tambarare chini ya mzigo, na kiruhusu hewa ipite. Ubishi wote kuhusu vitanda unatokana na ukweli kwamba kinachofaulu sana kwenye kazi ya kwanza mara nyingi hushindwa kwenye ya pili.

Mji wenyewe

Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Kivu, na mvua zake zina misimu miwili kwa mwaka. Usiku ni wa baridi. Mtu aliyelala hutoa jasho na mvuke, kiasi cha glasi ya maji au zaidi kwa usiku mmoja, hata asipojihisi ametokwa jasho. Sehemu ya mvuke huo hushuka ndani ya godoro, na ukikutana na kitu baridi kisichopitisha hewa hugeuka maji. Mahali penye joto mchana na usiku, kosa la kuzibia godoro hewa huchelewa kuonekana. Katika nyumba ya Goma ambayo madirisha hufungwa mapema kwa sababu ya baridi na usalama, halichelewi.

Kuna pia ardhi. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na maelfu ya familia zilijenga upya juu ya mawe yaleyale. Nyingi zilijenga nyumba za mbao, kwa kuwa ni nyepesi, ni za gharama nafuu, na zinaweza kung'olewa zikahamishwa. Sakafu za nyumba hizo si zote zilizonyooka. Kitanda chenye miguu minne kikisimama kwenye sakafu isiyo sawa hujipinda, mguu mmoja unaning'inia, na godoro la mpira linapokea mpindo huo moja kwa moja. Vumbi jeusi laini la volkano nalo huingia kila mahali, na gesi ya salfa inayotoka mlimani huifanya mvua ile mabati na vyuma haraka kuliko kwingine.

Wanaopendelea sakafu

Hoja yao ina nguvu mbili. Sakafu ya saruji haibonyei kamwe, na haigharimu kitu. Kwa mpangaji aliyetumia akiba yake yote kununua godoro, hoja hiyo ya pili haina mjadala.

Hoja ya mgongo ndiyo dhaifu. Imani kwamba kadiri mahali panavyokuwa pagumu ndivyo mgongo unavyopona ilijaribiwa nchini Hispania. Watafiti wakiongozwa na Francisco Kovacs waliwagawa watu 313 wenye maumivu ya kudumu ya kiuno kwenye makundi mawili, moja likalalia magodoro magumu na jingine magodoro ya ugumu wa wastani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003: baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Mgongo unahitaji kushikiliwa usizame, na wakati huohuo bega na nyonga vinahitaji mahali pa kuingia. Godoro la mpira ndilo linalotoa nafasi hiyo. Kazi ya kilicho chini ni kutokuzama, wala si kuongeza ugumu.

Udhaifu mkubwa zaidi ni unyevu. Godoro lililolazwa juu ya saruji baridi halina njia ya hewa upande wa chini, na vitundu vyake vinazibwa. Kuweka baashi ya plastiki katikati, kama wengi wanavyofanya ili kuzuia baridi, kunazuia maji ya sakafu yasipande lakini kunafungia ndani yale yanayoshuka kutoka kwa mlalaji.

Goma ina sababu nyingine ya kutolala chini, nayo inastahili kusemwa wazi. Katika maeneo ya magharibi ya mji, kuelekea Mugunga na Bulengo na sehemu za ufuo wa ziwa, gesi ya kaboni dioksidi hutoka kwenye nyufa za ardhi. Ni mazuku, ambayo imeua watu na mifugo. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na hukusanyika mabondeni na mahali pa chini usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Anayelala sakafuni ndiye yuko karibu nayo zaidi. Hata hivyo kitanda kirefu si dawa ya mazuku, na hakuna fundi anayepaswa kukiuza hivyo. Gesi inaweza kupanda juu ya kimo cha kitanda chochote, na dawa yake ni kutojenga chumba cha kulala mahali hapo, kupitisha hewa, na kufuata maelekezo ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG.

Wanaopendelea ubao mzima

Mafundi wengi wako upande huu, na si kwa uvivu. Tripleksi iliyopigiliwa juu ya fremu inatoa uso tambarare, hata kama mbao za chini yake hazikunyooshwa vizuri. Inaficha makosa. Inawahi kumalizika. Na kwa mpira usio na uwezo wa kuvuka pengo, ubao usio na pengo unaonekana kuwa jibu kamili.

Lakini ubao huo ni sakafu iliyoinuliwa. Hewa inazunguka chini yake bila kulifikia godoro. Tripleksi nyembamba ikinywa unyevu kila usiku huvimba, tabaka zake huachana, na ule utambarare ulionunuliwa hupotea. Wenye kutetea ubao hujibu kwamba inatosha kutoboa matundu. Jibu hilo ni la nusu: matundu ya sentimita tatu kila baada ya sentimita 15 husaidia kwa hakika, lakini bado sehemu kubwa ya godoro imezibwa. Mwenye kitanda cha namna hii asikivunje. Akitoboe, na kila wiki alisimamishe godoro ubavuni saa chache dirisha likiwa wazi. Mwenye kuagiza kitanda kipya, kwa maoni yangu, hana sababu ya kuanzia hapa.

Chuma na springi

Vitanda vya chuma vyenye wavu au springi ndogo, vile vinavyojulikana kwenye mabweni na wodi, ndivyo vibaya kuliko vyote kwa mpira. Wavu hulegea katikati, mpira unafuata, na mlalaji anakaa kama aliye kwenye machela. Hewa inapita vizuri, lakini kazi ya kwanza imeshindikana. Fremu ya chuma yenyewe si tatizo: ikiwekewa mbao juu ya wavu inafaa, mradi ipakwe rangi mara kwa mara, kwa sababu kutu ya Goma haina subira.

Masanduku ya springi ya mitumba yalibuniwa kwa magodoro ya springi. Yakichakaa yanapinda bila kuonekana kwa nje, kwa kuwa yamefunikwa kitambaa. Vitanda vya Ulaya vyenye vibao vilivyopindwa juu kidogo vinaelewana sana na mpira, kila kibao hutii kivyake. Shida yake ni ya vipuri. Kibao kimoja kikivunjika, fundi wa mtaa wa Ndosho au Majengo hana mtambo wa kupinda kingine, na akiweka kilichonyooka mahali pake godoro litahisi tofauti.

Chaga, na namna ya kuzifanya vizuri

Zinabaki chaga, mbao nyembamba zinazopita kwa upana wa kitanda. Kila mtu anazo au amewahi kuzilalia, na ndiyo maana zinadharauliwa. Kitanda cha chaga kikiwa kibaya ni kibaya kweli. Tuchukue kitanda cha urefu wa sentimita 190 chenye chaga nane za upana wa sentimita kumi. Mbao zinachukua sentimita 80, na sentimita 110 zilizobaki zinagawanywa kwenye mapengo saba, kila moja karibu sentimita 16. Sponji ngumu huweza kuvumilia hapo. Mpira hauwezi.

Kwa mpira, pengo lisizidi sentimita saba, na tano ni bora. Chaga 16 za upana wa sentimita saba, zikiachana kwa sentimita tano, zinajaza urefu wa sentimita 187. Hicho ndicho kitanda cha 190. Mbao zilizotumika ni sentimita 112 badala ya 80. Ongezeko hilo ndilo gharama yote ya kutatua tatizo la mapengo, na ukilinganisha na bei ya godoro lenyewe ni dogo sana.

Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa, ni mhimili wa katikati. Ubao unaobeba mzigo uliotandazwa sawasawa hubonyea kwa kiasi kinachokua kwa kipeo cha nne cha urefu wake kati ya nguzo na nguzo. Kwa lugha ya karakana: ukipitisha boriti moja katikati ya kitanda kwa urefu, ikasimama kwenye mguu wake, kila chaga inakuwa na nusu ya urefu wake wa awali na kubonyea kunapungua mara 16. Ukiongeza unene wa chaga zote mara mbili bila kuweka boriti, kubonyea kunapungua mara nane tu, na umelipa mbao maradufu. Kitanda cha upana wa sentimita 140 au 160 kisicho na mguu wa katikati kitabonyea hata kama mbao zake ni nene na nzuri. Ndiyo sababu ya lile bonde linalowasukuma wenza wawili katikati usiku.

Mbao zenyewe zina ubishi wake. Mikaratusi ya Masisi na Rutshuru inapatikana kwa urahisi na bei yake inabebeka, lakini ikipasuliwa mbichi hujipinda na kupasuka inapokauka. Libuyu inayoshuka kutoka misitu ya kaskazini na magharibi hutulia zaidi na bei yake iko juu. Hapa sioni haja ya kuchagua upande mmoja. Chaga zikiwa za mkaratusi uliokaushwa kivulini kwa wiki kadhaa, umepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, zinatosha, na zikiharibika zinabadilishwa mojamoja. Fedha ya libuyu iende kwenye mbao ndefu za pembeni na boriti ya katikati, ambazo zikipinda kitanda kizima kimepinda.

Kingo za chaga zisuguliwe msasa na vichwa vya misumari vizamishwe, kwa kuwa mpira mzito hukwaruzwa kwa uzito wake mwenyewe. Mkeka uliosukwa ukitandazwa kati ya chaga na godoro unazuia mkwaruzo na bado unapitisha hewa. Nailoni ambayo godoro lilifungwa nayo dukani ivuliwe. Kuna nyumba nyingi ambamo huachwa miaka kwa ajili ya usafi, na ikiachwa hakuna chaga itakayosaidia.

Kimo kinachofaa ni sentimita 30 au zaidi kati ya sakafu na chaga. Hapa panagongana na maisha yalivyo. Katika chumba kimoja cha familia, chini ya kitanda ni ghala: mifuko ya maharagwe, makala, bidoni za maji, viatu, sanduku la nguo za shule. Kumwambia mtu aache pakiwa patupu ni kumwambia ajenge chumba kingine. Yanayowezekana ni mawili. Bidoni za maji na makala yenye unyevu zikae mahali pengine, na mizigo mingine isigusane na chaga, ibaki nafasi ya kiganja juu yake.

Tahadhari moja zaidi inahusu kuanika. Desturi ya kutoa godoro juani ni njema kwa sponji na inawasumbua kunguni. Mpira unaharibiwa na mwanga mkali wa jua: hugeuka njano, hukauka, kisha humeguka kama makombo. Uanikwe kivulini penye upepo.

Swali la kuhama

Hoja ambayo vitabu vya Ulaya kuhusu vitanda havina, na ambayo Goma haiwezi kuiruka, ni hii: je, kitanda hiki kinaweza kuondoka? Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ya mkoa iliamuru mitaa kumi kati ya 18 ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu walielekea Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Vita navyo vimewahamisha watu wa mji huu na wa vijiji vinavyouzunguka tena na tena, hadi mapigano ya Januari 2025 yaliyoishia kwa mji kutekwa na waasi wa M23. Mtu anayekimbia huchukua godoro kama anaweza. La kilo 14 linakaa kichwani. La kilo 41 linahitaji watu wawili au chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo), na siku hiyo chukudu zote zina mizigo.

Kwa hiyo anayeishi kwa wasiwasi wa kuondoka hana kosa akichagua sponji. Kuna pia njia ya katikati ambayo haizungumzwi vya kutosha: sponji ngumu chini na tabaka la mpira la sentimita tano juu. Tabaka hilo kwa kitanda cha 160 lina kilo 11 hivi, linakunjwa na kufungwa kamba, na linatoa sehemu kubwa ya faraja ya mpira pale mabega na nyonga zinapogusa. Likiwa juu ya sponji inayojishikilia, halidai mapengo madogo kiasi kile, ingawa mguu wa katikati bado unahitajika.

Kitanda nacho kifungwe kwa buloni badala ya misumari. Cha misumari kikivunjwa mara mbili hakisimami tena imara. Cha buloni kinarudi kuwa mbao saba au nane ndefu na fungu la chaga, kinapita kwenye mlango mwembamba wa nyumba ya mbao, na kinapakiwa kwenye chukudu moja.

Kupima uzito wa hoja

Mwenye nyumba ya kudumu na sakafu iliyonyooka, aliyenunua godoro zima la mpira, anahitaji chaga 16, boriti ya katikati yenye mguu, mkeka na buloni. Mpangaji wa nyumba ya mbao anahitaji hayohayo kwa kitanda chembamba zaidi, cha sentimita 120, pamoja na vipande vya mbao vya kusawazisha miguu. Asiye na fedha ya kitanda sasa aweke mbao zilizoachana juu ya matofali au mawe ya volkano yaliyochongwa sawa. Hata sentimita kumi za hewa ni bora kuliko saruji tupu, na mbao hizo hazitapotea kwa kuwa zitakuja kuwa chaga.

Na aliyekwisha kuchukia godoro lake asiliuze kwanza. Aliondoe, afunge uzi ulionyooka kutoka ubao mmoja wa pembeni hadi wa pili, juu ya chaga, katikati ya kitanda. Kisha mtu mmoja alale juu ya mbao tupu, nyonga zake zikiwa pembeni kidogo ya uzi, na mwingine apime kati ya uzi na chaga. Chaga zikishuka zaidi ya sentimita moja, amwite seremala amwekee boriti na mguu. Ni kazi ya asubuhi moja, na usiku huohuo atajua kama godoro lilikuwa na kosa.